Maharage Yenye Kichwa Kigumu

Mukasine wa Ndera alijua sana kutoa, lakini kuomba hakujua kabisa, na nusura hilo limwumbue mwaka ule wa tisini na mbili. Ukipita nyumbani kwake majira ya kupanda ukamsalimia tu, hata kama ulikuwa unakwenda zako kanisani na huna haja na kitu cha mtu, ungeondoka na maharage mfukoni. "Shika, ujaribu," angekuambia, huku akikuuliza shamba lako liko wapi. Ukisema liko migombani, angekuchagulia yanayovumilia kivuli. Ukisema liko mlimani penye changarawe, angekupa yale mekundu madogo yasiyodai mvua nyingi. Na ukimtajia bonde, kule maji yanakotuama, angeingia ndani, ungesikia vibuyu vikigongana, kisha angetoka na konzi ya maharage meusi ti, kila moja na jicho jeupe pembeni. Hayo hakuyatoa kwa kila mtu. Yalikuwa ya mama yake.

Siku alipoolewa, mama yake alimkabidhi agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, kimejaa maharage ya kila rangi: meupe, mekundu, ya mistari, ya madoadoa, ya kijivu, ya rangi ya maziwa yaliyoingiwa na chai. Zilikuwa aina ishirini na tatu. Mukasine alizihesabu usiku ule ule badala ya kulala, na Évode, bwana harusi, akabaki anamsubiri. Évode alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno mengi na hasira kidogo, na kisa hicho alikisimulia kwa miaka thelathini kila alipopata pombe ya ndizi na msikilizaji.

Mama yake hakumwachia maagizo mengi. Alimwambia ayapande pamoja na asiwatenganishe, alivyosema yeye, kana kwamba ni watoto. Mukasine alimtii. Kila msimu alichanganya kwa mkono wake, akipima kwa jicho: huku aongeze yale ya kivuli, huku apunguze yale yanayopenda jua. Jua likichoma, mengine yalikauka na mengine yakazaa. Mvua ikipitiliza, yale yaliyozaa mwaka jana yalinyauka, na meusi yakasimama majini yakitoa maua kama vile hayajasikia habari. Hakuna msimu aliovuna vyote, na hakuna msimu aliokosa vyote. Watoto wake watano walikua kwa utaratibu huo na kila mmoja alikuwa na mashavu.

Kasoro ya yale meusi ni moja, nayo lazima isemwe. Yalikuwa hayaivi upesi. Ungeyabandika asubuhi, ukalima, ukafua, ukaenda kumsalimia mgonjwa, ukarudi ukayakuta yanakutazama.

Hilo ndilo lililozaa ugomvi na Kayitesi, jirani wa ng'ambo ya bonde, ambaye watu walimwita Mama Eustache, kama Mukasine alivyoitwa Mama Umuhoza. Mukasine alimpa mbegu zile nyeusi kwa moyo mweupe. Mwaka mmoja baadaye, kwenye ubatizo, mbele ya watu na sahani zikiwa mikononi, Kayitesi alisema kwa sauti: "Yewe! Yale maharage ya Mama Umuhoza! Imemaliza kuni yangu yote. Iko na kichwa kigumu kama mwenyewe!" Watu walicheka mpaka padri akacheka. Mukasine naye alicheka, akaweka sahani chini, akaenda nyumbani, na kwa miaka sita hakumsalimia Kayitesi. Akikutana naye njiani, aliangalia ndege angani, hata pasipokuwa na ndege.

Basi, mwaka wa tisini alitokea Nahimana.

Nahimana alizaliwa na kukulia Bujumbura, akaja Kigali kutafuta riziki, akafungua hoteli ndogo ya chakula pale Gisimenti, meza sita na redio moja. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kalamu mfukoni, na Kiswahili chake kilitembea haraka kuliko yeye. Alipanda mpaka Ndera kutafuta maharage, akaonyeshwa kwa Mukasine, akachota konzi kutoka kwenye ungo na kusikitika.

"Mama, maharage yako iko mazuri, mimi sikatai," alisema. "Lakini hii rangi rangi! Kwenye sufuria, hii inaiva, hii inapasuka, hii inakataa. Mteja anauma moja, jino linalia, ananiita mimi. Mimi nataka ya njano peke yake. Ya njano inaiva sawa sawa, na mchuzi unakuwa safi. Ukinipa ya njano tupu, kila wiki mimi niko hapa."

Mukasine alijisikia. Mtu wa mjini, mwenye kalamu, amepanda kilima kwa ajili ya maharage yake! Wiki nzima alikaa uani na ungo mapajani akichambua, yale ya njano huku, mengine kule. Msimu uliofuata alipanda njano kwenye shamba la juu. Msimu wa pili akapanda njano migombani pia. Msimu wa tatu, huku Nahimana akimsifu kwa majina yote mazuri ya Bujumbura, alipanda njano mpaka bondeni.

Na yale mengine? Yaliliwa. Hakuna aliyeyachoma moto, hakuna aliyeyatupa, hakuna aliyesema sasa tuyamalize. Jumatatu yalipikwa ya mistari na ndizi. Jumatano ya kijivu na viazi. Évode alirudi kutoka kazini amechoka, akala, akajilamba vidole na kuuliza kama yapo mengine. Yalikuwepo. Kesho yake yakapikwa mengine. Hivyo ndivyo aina ya kitu inavyokwisha duniani, wala usingoje kusikia ngoma ikipigwa: mtu mwema ana haraka kidogo, kibuyu kinachotwa mara ya mwisho, na mchotaji anadhani kwa jirani kimejaa.

Majirani nao hawakulala. Walizoea kumtazama Mukasine kabla ya kupanda, kama watu wanavyotazama saa ya kanisa. Walipoona amekwenda njano, wakaenda njano. Kufika mwisho wa tisini na moja, ungesimama Ndera ukatazama kilima chote kikiwa na rangi moja kama sare ya shule, na Mukasine alikuwa akikitazama kwa fahari.

Januari, wakwe walikuja. Umuhoza, bintiye wa mwisho, alikuwa amechumbiwa na Niyonzima, fundi kijana aliyejifunza kazi kwa Évode na ambaye, kwa maelezo ya Évode, alijenga kuta zilizonyooka na kuzungumza sentensi zilizopinda. Kwao ilikuwa Nyarutarama, chini kabisa, mashamba yanapoteremka kwenye kinamasi. Mama yake, Uwimana, alikuwa mwanamke mdogo mwenye macho ya kukagua, aina ya mgeni anayeinua kifuniko cha chungu kabla hajakaribishwa.

Siku ile Mukasine alitaka chakula cha heshima. Alikung'uta vibuyu vyote vya zamani, akapata mchanganyiko wa mwisho, meusi yakiwa mengi ndani yake, akaubandika tangu alfajiri na siagi ya ng'ombe. Wakwe walikula. Uwimana alitafuna haragwe moja jeusi polepole, akalitoa jingine kwenye mchuzi, akalishika kati ya vidole viwili.

"Bamwana," alisema, maana wazazi wa pande mbili za ndoa huitana hivyo, "hii ndiyo iko inasimama kwenye maji?"

"Ndiyo hiyo. Ya mama yangu."

"Kwetu bonde linatuua. Kila masika mizizi inaoza, tunapanda mara mbili, tunavuna majani. Mama yangu naye alikuwa nayo hii, halafu ikapotea, hata sijui ilipotea lini." Aliangalia watu wote, akatabasamu. "Mimi sitaki mengi kwa bibi harusi. Aje na hii kwenye agaseke yake. Tutajua ametoka nyumba ya watu."

"Iko tele!" alisema Mukasine, na akacheka kile kicheko chake ambacho Évode alidai humfikia akiwa juu ya ukuta kule Remera. "Atakuja nayo mpaka muchoke!"

Wageni walipoondoka aliingia ndani kwenye vibuyu. Aligeuza cha kwanza, yakatoka majivu ya kuhifadhia mbegu. Aligeuza cha pili, yakatoka majivu na mdudu. Alivigeuza vyote kumi na kimoja. Kisha akakumbuka asubuhi ile, jinsi alivyokigonga kibuyu cha mwisho kwa kiganja ili hata moja lisibaki ndani, akakaa chini kwenye sakafu.

"Umepatwa na nini?" Évode aliuliza mlangoni.

"Nimempikia bamwana mbegu," alisema Mukasine. "Nimempikia mbegu ya binti yangu, na amesema ni tamu."

Évode alitaka kucheka, akamwona mkewe machoni, akaahirisha.

Harusi ilikuwa Agosti. Muda upo, alijiambia Mukasine, mbegu hizi nimegawa kilima kizima, nitachukua kidogo kwa fulani. Lakini kwenda kwa fulani kulikuwa na kuomba ndani yake, na kila asubuhi alipata sababu. Leo kuna mvua. Leo fulani ana wageni. Februari alipanda njano yake, Machi ikachipua vizuri, na Nahimana akaleta sukari kilo mbili kama zawadi.

Kisha masika yakaja kwa hasira. Ilinyesha siku kumi na saba, na kwa sababu redio nayo ilikuwa na habari zake za vita vya kaskazini, watu walikaa ndani wakisikiliza mambo mawili mabaya kwa pamoja. Mvua ilipokatika Mukasine alishuka bondeni. Maharage yalikuwa yamelala. Aling'oa mche mmoja, ukatoka bila kubisha, mizizi yake imekuwa uji. Akang'oa mwingine. Akaenda migombani, huko nako ni hivyo hivyo. Shamba la juu lilisalia nusu. Alitazama upande wa pili akaona kilima chote, sare yote ile ya shule, imelala chini kwa mvua moja, na aliona aibu ya kweli, maana walimfuata yeye.

Ndipo alipofunga kitenge vizuri na kwenda kuomba.

Nyumba ya kwanza walimkaribisha kwa shangwe na walipojua anachotaka wakacheka, wakidhani ni utani. Mukasine anaomba maharage! Waliyokuwa nayo ni njano. Nyumba ya tatu walikuwa na ya mistari, kidogo, ndani ya soksi ya mtoto, wakampa nusu. Nyumba ya tano kikongwe mmoja alikuwa na yale ya kijivu, aliyaficha kwa sababu mkwewe angeyapika. Alizunguka wiki mbili. Na kitu cha ajabu kilimtokea: alianza kupenda. Kila nyumba alikalishwa, akapewa kitu cha kunywa, akaambiwa habari za mbegu zake mwenyewe kama mzazi anayesikia habari za watoto walioolewa mbali. Alirudi jioni na vifundo vidogo vidogo kwenye pindo la kitenge, akavifungua mbele ya Umuhoza, wakahesabu. Aina sita. Aina tisa. Aina kumi na tatu.

Lakini nyeusi haikuwepo. Kila aliyepewa alikuwa na jibu lile lile: tulikula, haiivi upesi, na wewe mwenyewe uliiacha.

"Imebaki nyumba moja, mama," alisema Umuhoza jioni moja. Alikuwa msichana mpole, lakini alikuwa binti wa Mukasine, na kichwa alikuwa nacho.

"Nyumba gani?"

"Unaijua."

"Heri nipeleke kokoto kwenye agaseke."

"Haya," alisema Umuhoza, na machozi yakamlengalenga. "Nitamwambia mama mkwe kwamba kokoto nazo haziivi upesi."

Kutoka uani kwa Mukasine, shamba la Kayitesi lilionekana vizuri ng'ambo ya bonde. Kwa miaka sita hakulitazama, au alilitazama kwa jicho moja, kama mtu anayepita mbele ya duka aliloapa kutonunua. Kesho yake alilitazama kwa macho yote mawili. Lilikuwa limesimama. Katikati ya kilima kilicholala, shamba lile peke yake lilikuwa na miche imesimama, ya kila rangi, imebeba maganda.

Na sababu yake haikuwa busara. Kayitesi hakupanda njano kwa kuwa njano ilianzishwa na Mukasine, na yeye Kayitesi hakuwa mtu wa kufuata kitu kilichoanzishwa na Mukasine. Ukaidi mtupu. Chuki ndogo ya ubatizo mmoja ndiyo iliyoiokoa ile mbegu, na kama malaika walikuwa na mpango mwingine hawakumweleza mtu.

Mukasine alitengeneza pombe ya mtama, akajaza kibuyu kidogo, akashuka bonde na kupanda ng'ambo akiwa amevaa viatu vya Jumapili. Kayitesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili, alikuwa uani anapura mtama. Alimwona akija tangu chini, na aliendelea kupura.

"Mwiriwe, Mama Eustache."

"Mwiriwe, Mama Umuhoza. Leo hakuna ndege juu?"

Mukasine alimeza hilo. Akakaa. Akasifu nyumba. Akauliza habari za Eustache aliyekuwa anasoma Butare, akasifu mvua, kisha akailaani. Kayitesi alijibu kila swali kwa neno moja na kunywa pombe aliyoletewa bila kuisifu.

"Umekuja kwa ajili ya mvua?" alimwuliza hatimaye.

"Oya, si kwa mvua. Nimekuja..." Mukasine alikaza kitenge. "Nasikia bado uko na maharage ile. Ile nyeusi."

"Nyeusi ziko nyingi. Hata masizi iko nyeusi."

"Yenye jicho jeupe, Kayitesi, na unaijua!"

"Ahaa!" Kayitesi aliweka kibuyu chini, uso wake umeanza kung'aa. "Ile? Ile hapa kwetu iko na jina. Huku ng'ambo watu wote wanaiita Mukasine. Niliiita mimi, siku ile ya ubatizo, na jina likashika. Haiivi, haisikii, na mvua haiiwezi. Mtu akija hapa ananiambia, Mama Eustache, nipe Mukasine nipande bondeni. Sasa sema vizuri unataka nini."

Mukasine alimtazama. Kisha akaiona picha yenyewe: watu wa ng'ambo nzima, kila msimu, wakiomba Mukasine, wakipanda Mukasine, na yeye huko kwake amekula ya kwake mpaka ya mwisho. Kicheko kilimtoka kabla hajakiruhusu. Kilimtoka mpaka akashika ubavu, na Kayitesi, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, akajikuta anacheka naye akiwa bado ameshika fimbo ya kupuria mtama.

"Mana yanjye, Mungu wangu," alisema Mukasine akifuta macho. "Nipe Mukasine, Mama Eustache. Kwangu amekufa."

"Nitakupa. Lakini kwanza utavuna na mimi, mgongo wangu unauma. Halafu utapika hapa hapa, kwa kuni yangu, ule, na useme kwa mdomo wako kama haina kichwa kigumu."

Walivuna siku mbili, na humo Mukasine akapata pia rangi nyingine alizokosa kwingine. Siku ya tatu walibandika chungu kwenye mafiga, jua likiwa linachomoza juu ya migomba, wakakaa mmoja huku mmoja kule. Saa nne asubuhi Mukasine alichota moja, akaligusa kwa jino.

"Bado," alikubali.

Kwa kuwa halikuiva, wakazungumza. Walianza na watu wengine, kama inavyokuwa, nani ameoa, nani ameuza ng'ombe. Saa sita waliligusa tena. Bado. Kayitesi akaongeza kuni, akasema bila kumtazama, "Nilikuona, mwaka jana, ulipopanda njano mpaka kwenye kinamasi. Nilisimama pale. Nikafungua mdomo nikupigie kelele, kwamba mwache mtu wa maji kwenye maji. Halafu nikakumbuka hatusemezani."

"Ungepiga kelele."

"Ungesikia?"

Mukasine alifikiri. "Oya," alisema. "Ningeangalia ndege."

Saa nane bado. Mukasine akasema kwamba alipoumwa malaria mwaka mmoja, alitegemea labda Kayitesi angekuja. Kayitesi akasema alifika mpaka bondeni akarudi. Saa tisa Mukasine akaomba radhi kwa miaka sita, na Kayitesi akaomba radhi kwa sentensi moja, na wote wakalia kidogo wakisingizia moshi. Kama yangekuwa maharage ya njano, yangeiva saa tano na wangeagana kwa adabu.

Jioni yaliiva. Yalikuwa laini ndani, mazito, na mchuzi mweusi wenye ladha ambayo Mukasine alikuwa ameisahau kwa kuila bila kuangalia.

"Iko na kichwa kigumu," alisema, kama walivyokubaliana.

"Kama mwenyewe?"

"Kama sisi wote wawili. Niongezee."

Nahimana alikuja Julai akitafuta njano yake, akakuta ungo umejaa rangi zote. Alishika kichwa. Mukasine alimkalisha kwenye kigoda na kumfundisha kupika kama anavyofundishwa bibi harusi: meusi yaloweke tangu jana yake, yabandike kwanza, yakianza kulegea tia mekundu na ya mistari, ya njano na meupe yaingie mwisho, yatakuta wenzao wamelainisha njia. Nahimana aliandika yote kwa ile kalamu yake. Alirudi baada ya wiki moja akiwa na aibu ya furaha. Wateja wa Gisimenti walikuwa wanauliza ni maharage ya wapi, na mwalimu mmoja alikuwa amerudi siku tatu mfululizo.

"Lakini mama, kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ulikuja na sifa nyingi, mwanangu. Zilinijaa masikioni."

Agosti tarehe nane Umuhoza aliolewa. Évode alicheza mpaka kofia ikaanguka, akasimulia tena kisa cha bibi harusi aliyehesabu maharage usiku wa harusi, na Niyonzima akasema sentensi moja iliyonyooka, kwamba amefurahi. Wakati wa kukabidhi ulipofika, Mukasine alilileta agaseke lile lile la mama yake, akaliweka mbele ya Uwimana. Uwimana, kama kawaida yake, alifungua kifuniko bila kungoja. Ndani mlikuwa na aina kumi na tisa. Nne hazikupatikana tena, wala Mukasine hakuficha. Alizitaja kwa sauti mbele ya watu, moja baada ya nyingine, ile ya maziwa na chai ikiwa ya mwisho, na sauti ilimkatika hapo. Kisha akasema zilizopo zimetoka nyumba kumi na mbili, akazitaja nyumba zote. Uwimana alichomeka mkono mpaka chini, akautoa na konzi ya meusi, akayabusu mbele ya watu wote.

"Nyumba ya watu," alisema, na vigelegele vikapasua turubai.

Ngoma zilipokuwa zimepamba moto, Mukasine alimvuta Kayitesi nyuma ya nyumba. Alikuwa na kifundo cha kitambaa mkononi, nusu ya mbegu nyeusi alizobakiza.

"Chukua hizi, ukae nazo kwako," alisema.

"Mimi ninazo. Kwa nini usiweke zote kwenye vibuyu vyako?"

"Nimeshajijua. Siku moja atakuja mtu mwingine na kalamu, mimi nitapika kibuyu cha mwisho nikiimba. Nataka kuwe na nyumba ambayo mbegu zake sina ruhusa ya kuzipika."

Kayitesi alipima kifundo mkononi. Macho yake yalikuwa na ule utundu wa siku ya ubatizo. "Na tukigombana tena?"

"Tugombane. Nitukane kanisani, nitukane sokoni, usinisalimie miaka kumi." Mukasine alimshika mkono na kuufumbata juu ya mbegu. "Lakini usiache kupanda."

Kayitesi alivuta pindo la kitenge chake, akaweka kifundo ndani, akafunga, akavuta kwa meno, kisha akafunga tena juu yake.